SOMO LA WAFANYAKAZI: KUMWANDAA MWENZETU KWA MBIO NDEFU



Somo letu safari hii linahusu mbio. Huenda msomaji akauliza: jarida la chama cha wafanyakazi lina shughuli gani na watu wanaokimbia? Jibu letu ni fupi. Anayekimbia Jumapili ni yule yule aliyebeba magunia Ijumaa. Mwili ni mmoja. Mwajiri anautaka, mashindano yanautaka, na nyumbani wanautaka. Mtu asipokuwa na wa kumsaidia kuugawa mwili huo kwa hesabu, utachakaa kabla ya wakati wake. Kwa hiyo tunasema kumwandaa mfanyakazi kwa mbio ni kazi ya tawi, kama ilivyo kazi ya tawi kuangalia saa za zamu na mishahara.

Haya tunayoyaandika yametoka katika kazi yetu ya Gitega na Muyinga. Tumewasimamia wenzetu wengi kidogo, lakini katika somo hili tutawachukua wawili. Wa kwanza ni mama mmoja wa Gitega, mchambuaji wa kahawa. Wa pili ni kijana wa Muyinga anayefanya kazi katika kituo cha kuoshea kahawa. Majina yao hatuyataji. Wote wawili walijiandaa kwa mbio za kilomita 10 ambazo matawi yalizipanga Gitega kwa ajili ya Mei Mosi.

1. MBIO SI MALI YA WATU WALIOZALIWA NA BAHATI

Wako wanaosema kwamba mbio ndefu ni za askari, wanafunzi, au watu waliochaguliwa na Mungu. Tuangalie mifano.

Emil Zátopek wa Czechoslovakia alikuwa kijana wa kiwanda cha viatu katika mji wa Zlín. Siku moja aliamriwa pale kiwandani akimbie pamoja na vijana wengine. Hakutaka, akasema ni mdhaifu. Daktari akampima, akasema anaweza. Alimaliza wa pili. Mwaka 1952, katika Michezo ya Olimpiki ya Helsinki, alishinda mita 5,000, mita 10,000 na marathoni, vyote katika siku nane. Hakuna mtu mwingine aliyefanya hivyo mpaka leo.

Arthur Lydiard wa New Zealand naye alifanya kazi katika kiwanda cha viatu. Alijijaribia mazoezi kwenye mwili wake mwenyewe kwa miaka mingi, kisha akawafundisha vijana wa mtaa wake. Mwaka 1960 mjini Rome, wawili kati yao walipata dhahabu siku moja: Peter Snell mita 800 na Murray Halberg mita 5,000.

Hapa kwetu Burundi, Vénuste Niyongabo, mzaliwa wa Vugizo upande wa Makamba, alishinda mita 5,000 huko Atlanta mwaka 1996 kwa dakika 13, sekunde 7 na nukta 96. Ilikuwa mara ya kwanza nchi yetu kushiriki Olimpiki. Mfanyakazi asikumbuke dhahabu tu. Niyongabo alijulikana zaidi katika mita 1,500, na huko ndiko watu walikomtazamia. Nafasi hiyo alimwachia Dieudonné Kwizera, mwenzake mkubwa kwa umri, ambaye miaka ya nyuma hakuweza kwenda Olimpiki kwa sababu nchi haikuwa na kamati iliyotambuliwa. Niyongabo akaingia mbio ambazo alikuwa amezikimbia mara chache sana, akashinda. Katika michezo hiyo hiyo Aloÿs Nizigama alikuwa wa 4 katika mita 10,000. Sisi wa vyama tunaona hapo somo la umoja ambalo halihitaji hotuba.

Tena, wafanyakazi wa Ulaya waliwahi kuwa na Olimpiki yao wenyewe: Frankfurt mwaka 1925, Vienna mwaka 1931 na Antwerp mwaka 1937. Kwa hiyo michezo ya wafanyakazi si jambo geni lililozuliwa juzi.

2. KAZI NI SEHEMU YA MAZOEZI

Hapa ndipo vitabu vingi vya mbio vinapompotosha mfanyakazi. Vinaandika kana kwamba mkimbiaji anaamka, anakimbia, anakula, analala. Kwetu sivyo. Mtu anayepakia magunia ya kilo 60 tangu asubuhi amekwisha fanya zoezi zito kabla hajafunga kamba za viatu. Mchumaji wa chai wa Teza au Rwegura amepanda na kushuka mteremko siku nzima na kikapu mgongoni.

Kwa hiyo kabla ya kumpangia mtu mazoezi, mwalimu amwulize maswali haya matano na kuandika majibu katika daftari:

(a) Unafanya kazi ya kusimama, kukaa, kutembea au kubeba?
(b) Zamu yako inaanza na kuisha saa ngapi? Inabadilika?
(c) Unatembea mwendo gani kwenda na kurudi kazini?
(d) Ukifika nyumbani, kazi gani zinakungoja?
(e) Unalala saa ngapi kwa kweli, si kwa kutamani?

Mama wa Gitega anakaa siku nzima akichambua punje mbovu. Miguu yake haichoki kazini, bali mgongo, shingo na macho. Lakini akifika nyumbani kuna maji ya kuteka, kuni, chakula na watoto watatu. Kijana wa Muyinga anasimama, anabeba na kusukuma kahawa ndani ya maji. Wakati wa mavuno, kahawa iliyoletwa mchana haiwezi kungoja. Lazima itolewe maganda siku ile ile, na kazi inaingia usiku. Nyumbani hana mke wala mtoto, lakini hana usingizi.

Ukiwapa watu hawa wawili ratiba moja, mmoja utamwonea na mwingine utamlegeza.

3. KALENDA YA KAHAWA NDIYO KALENDA YA MAZOEZI

Katika nchi yetu kahawa huvunwa tangu kama mwezi wa Machi hadi Juni, na mahali pengine huingia Julai. Vituo vya kuoshea vina kazi nyingi wakati huo. Viwanda vya kukoboa hupata kazi yake baadaye, kahawa kavu ikishafika.

Angalia basi Mei Mosi inaangukia wapi. Kwa mchambuaji wa Gitega ni kabla ya msimu wake mzito. Anaweza kujenga mwili Februari, Machi na Aprili. Kwa kijana wa Muyinga ni katikati kabisa ya msimu. Kumwambia aongeze mazoezi Aprili ni kumwambia aanguke.

Kwa hiyo tuliamua hivi. Mama alianza wiki ya kwanza ya Februari. Kijana alianza Novemba, akajenga Desemba, Januari na Februari, halafu kuanzia Machi akapunguza hadi mara mbili kwa wiki, kwa ajili ya kulinda alichokwisha kupata. Mei Mosi kwake iliwekwa kuwa kipimo tu. Mbio zake za kweli zilipangwa Agosti, wakati wa kiangazi, kituo kikiwa kimenyamaza.

4. MWENDO WA MAZUNGUMZO

Kosa la kila anayeanza ni kukimbia kwa kasi kila siku. Anatoka mbio kama anafukuzwa na nyuki, dakika kumi baadaye anashika magoti. Kesho anaumwa, kesho kutwa haji.

Sehemu kubwa ya mazoezi iwe katika mwendo ambao mkimbiaji anaweza kuongea na mwenzake sentensi nzima bila kuhema. Sisi tunauita mwendo wa mazungumzo. Akishindwa kuongea, apunguze. Akianza kuimba, aongeze kidogo. Mwendo huu hufundisha moyo kusukuma damu nyingi kwa pigo moja, hufungua mishipa midogo ndani ya misuli, na huzoeza mifupa na kano taratibu. Kano na mifupa huimarika polepole kuliko pumzi. Kwa hiyo mtu atajisikia ana nguvu kabla miguu yake haijawa tayari, na hapo ndipo wengi huumia.

Kumbuka pia kwamba Gitega iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Muyinga nayo iko juu. Hewa ni nyepesi. Mgeni aliyetoka Bujumbura kando ya ziwa asishangae akihema mapema. Wenyeji wamezoea, lakini vilima havizoeleki kwa siku moja. Kwenye kilima, hesabu nguvu unayotumia, usihesabu kasi. Ni halali kabisa kutembea.

5. RATIBA YA WIKI

Ratiba ya mama wa Gitega, wiki za mwanzo:

Jumatatu: kupumzika.
Jumanne jioni: dakika 25 mwendo wa mazungumzo.
Jumatano: kupumzika, kunyoosha mgongo na shingo.
Alhamisi jioni: dakika 10 polepole, halafu dakika 1 ya kasi na dakika 2 za kutembea, mara 5, halafu dakika 5 polepole.
Ijumaa: kupumzika.
Jumamosi: asubuhi kuna kazi za jamii, hizo zinatosha.
Jumapili alfajiri, kabla ya kanisa: dakika 40 polepole, pamoja na kutembea vilimani.

Kila wiki tuliongeza dakika 5 katika zoezi la Jumapili, mpaka likafika dakika 80. Lakini kila wiki ya nne tulipunguza mazoezi yote kwa theluthi moja, ili mwili upate kujijenga. Mwili haujengeki wakati wa kukimbia. Wakati wa kukimbia unabomoka kidogo. Unajengeka mtu akilala.

Mwezi wa Machi tuliongeza zoezi la uwanjani. Kiwanja cha kawaida kina mita 400 kwa mzunguko, na mizunguko 25 ni kilomita 10. Mama alitaka kumaliza kwa dakika 55. Hiyo ni dakika 5 na sekunde 30 kwa kila kilomita, yaani dakika 2 na sekunde 12 kwa mzunguko. Tukamfanya akimbie mizunguko 6 kwa mwendo huo hasa, akitembea dakika 2 baada ya kila mzunguko. Akikimbia kwa dakika 2 kamili tulimwambia: umekosea. Shabaha ya zoezi hilo ni kuujua mwendo, si kuushinda.

Ratiba ya kijana wa Muyinga wakati wa msimu:

Siku ya kwanza baada ya usingizi wa kutosha: dakika 30 mwendo wa mazungumzo.
Siku nyingine, angalau siku mbili baadaye: dakika 20 polepole, kisha kupanda kilima kifupi mara 6, kila mara sekunde 20, akishuka kwa kutembea.
Siku nyingine zote: kazi inatosha.

Kanuni yake ya usiku ilikuwa moja: akitoka zamu ya usiku hakimbii mpaka amelala saa sita au zaidi. Hakuna ruhusa ya kuvunja kanuni hiyo, hata kama anajisikia ana nguvu. Mtu aliyekesha hudanganywa na mwili wake.

Wenzetu Waislamu, ambao ni wengi Muyinga na katika mitaa ya Gitega, wanauliza kuhusu Ramadhani. Tunashauri dakika 20 hadi 30 za polepole karibu na magharibi, ili futari ifuate mara moja, au baada ya tarawehe. Mazoezi ya kasi yaachwe mpaka mwezi uishe. Hakuna atakayepoteza mbio kwa mwezi mmoja wa upole.

Asiye na kiwanja apime barabara kwa baiskeli. Funga kitambaa kwenye tairi, sukuma baiskeli mzunguko mmoja, pima kwa futi ya fundi. Kama mzunguko mmoja ni mita 2 na sentimita 20, basi kilomita moja ni mizunguko 455 hivi. Weka alama kwa jiwe lililopakwa chokaa.

6. ISHARA ZA MWILI

Mwalimu hana mashine. Ana macho, masikio na daftari.

Kila asubuhi, kabla ya kuinuka kitandani, mkimbiaji ahesabu mapigo ya moyo kwa dakika nzima, kidole kikiwa kwenye kifundo cha mkono. Akishaijua hesabu yake ya kawaida, siku itakapozidi kwa mapigo 10 au zaidi apumzike. Ama hajalala, ama ugonjwa unakuja.

Homa ni amri ya kusimama. Malaria iko kwetu, na anayekimbia akiwa na homa anauweka moyo wake hatarini. Aende kituo cha afya apimwe, amalize dawa zote. Homa ikishaondoka, akae wiki moja, aanze kwa kutembea.

Maumivu ya misuli pande zote mbili baada ya zoezi jipya ni kawaida. Maumivu ya upande mmoja, mahali pamoja kwenye mfupa, yanayozidi kila siku, si ya kawaida. Apumzike. Asimeze vidonge vya maumivu ili apate kukimbia. Vidonge hivyo huficha jeraha, na mwili ukiwa umekauka vinaweza kuumiza tumbo na figo. Mtu akisikia maumivu ya kifua au akizirai wakati wa kukimbia, asirudi mazoezini mpaka daktari amwone.

7. CHAKULA NA MAJI

Mfanyakazi asidanganywe kwamba mbio zinahitaji vyakula vya dukani. Maharagwe, ugali wa muhogo au wa mahindi, viazi vitamu, ndizi, wali, lengalenga na ndagala vinatosha kabisa, mradi tumbo lishibe. Tatizo letu kwa kawaida ni uchache, si aina. Mtu ambaye nyumbani wanakula mara moja kwa siku tusimwongezee kilomita; kwanza tuzungumze juu ya chakula.

Damu pungufu ni adui mkubwa wa mkimbiaji. Huletwa na malaria, minyoo, hedhi nzito na chakula kisicho na madini ya chuma. Jambo moja ambalo wafanyakazi wa chai wanapaswa kulijua: chai ikinywewa pamoja na chakula hupunguza madini ya chuma yanayoingia mwilini. Kunywa chai saa moja au mbili baada ya kula. Limau, chungwa au nyanya pamoja na maharagwe husaidia.

Maji yawe yaliyochemshwa. Kunywa unaposikia kiu. Kwa kilomita 10 asubuhi, hakuna haja ya kujaza tumbo kama pipa. Anayeharisha asikimbie, atengeneze maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko 6 vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, na aende kituo cha afya hali isipotulia.

8. BARABARA NA RUHUSA

Barabara ya Muyinga kwenda Kobero ina malori ya kutoka Tanzania usiku na mchana. Kimbia ukiyatazama magari yanayokuja, si ukiyapa mgongo. Alfajiri vaa shati jeupe. Njia za udongo kati ya mashamba ni bora kwa magoti na salama zaidi.

Mkiwa kikundi, arifuni viongozi wa mtaa au kilima kwa barua fupi: nani mnakimbia, siku gani, njia ipi. Itakumbukwa kwamba Machi 2014 mjini Bujumbura vikundi vya kukimbia barabarani viliwekewa amri ya kuomba ruhusa na kutumia viwanja vilivyotajwa, kwa sababu ya siasa za wakati ule. Tangu siku hizo kiongozi mwenye busara hangoji kuulizwa. Tena msivae nguo za chama chochote cha siasa. Kikundi cha mbio cha tawi kina watu wa kila imani na kila mawazo, na kibaki hivyo.

9. MWANAMKE MKIMBIAJI

Mama wa Gitega hakushindwa na kilima. Alishindwa na saa kumi na moja jioni. Wiki mbili mfululizo hakuja mazoezini Alhamisi, na baadhi ya wenzetu wakaanza kusema hana nia. Tukaenda kwake kuona. Tulikuta ndoo nne za maji na mtoto mwenye kikohozi.

Tawi likakaa. Wachambuaji wenzake wawili wakakubali kupokezana watoto Jumanne na Alhamisi, saa moja tu. Mume wake akaitwa, akaja, akasikiliza. Akachukua kazi ya maji siku hizo. Tangu wiki ile hakukosa tena. Mwalimu anayeandika ratiba ya mwanamke bila kuuliza nani atateka maji ameandika karatasi tu.

Tena tusiwe watu wa kuusema mwili wa mwanamke anayekimbia. Francine Niyonsaba, mzaliwa wa Ruyigi, alipata fedha katika mita 800 huko Rio mwaka 2016. Baadaye kanuni za shirikisho la dunia kuhusu homoni za asili za wanawake zikamfungia njia ya mbio hizo kuanzia mwaka 2019. Akahamia mbio ndefu. Mwaka 2021 alikuwa wa 5 katika mita 10,000 za Olimpiki ya Tokyo, na Septemba mwaka huo akaweka rekodi ya dunia ya mita 2,000 mjini Zagreb, dakika 5, sekunde 21 na nukta 56. Rekodi hiyo ilidumu mpaka mwaka 2024. Kanuni ziliongezwa tena mwaka 2023 hadi mbio zote. Mtu anaweza kubishana juu ya kanuni. Lakini dada huyu hakutenda kosa lolote, na asitajwe kwa dhihaka katika vijiwe vyetu.

10. JAMBO LA ZAMU YA TAREHE 30

Sasa tuseme habari iliyotuletea mjadala mkubwa.

Zawadi ya mshindi wa wanaume ilikuwa baiskeli. Kila mmoja wetu anajua baiskeli ni nini kwa kijana wa Muyinga. Ni kubeba ndizi sokoni, ni kupakia abiria, ni kuacha kutembea mwendo wa saa nzima kwenda kazini. Kijana akasahau kwamba Mei Mosi ni kipimo. Akaitaka baiskeli.

Zamu yake ilikuwa ya usiku, tarehe 29 na 30 Aprili. Msimamizi wake alipopata habari za mbio alifurahi. Akasema kijana atavaa fulana yenye jina la kituo. Kuhusu zamu akasema kahawa haingoji: amalize kazi saa kumi na moja alfajiri, apande gari kupitia Karusi, akimbie Gitega saa tatu.

Kijana akakubali. Sisi hatukukubali.

Wako wenzetu waliosema: mwili ni wake, baiskeli ni yake, mwacheni. Hoja hiyo ina uzito, na hatukuidharau. Hakuna tawi linalommiliki mtu. Lakini tulijibu hivi: fulana ile inataka faida ya mkimbiaji bila kulipa hata usiku mmoja wa mkimbiaji. Akishinda, sifa ni ya kituo. Akianguka, hasara ni ya mama yake. Tena, leo akikimbia baada ya kukesha, kesho kutwa itakuwa desturi, na mwingine ataambiwa: mbona fulani aliweza? Saa za kupumzika hazikupatikana bure. Mkataba wa kwanza wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1919, ulihusu saa nane za kazi viwandani. Watu walikwisha kuzipigania kabla ya hapo. Tusiziuze kwa fulana.

Tukaandika barua ya mistari sita. Vibarua wenzake wawili walikubali kushika usiku wake, mmoja tarehe 29, mwingine 30, naye awalipe usiku wao katika juma lililofuata. Tuliomba msimamizi atie saini. Alikawia siku mbili, akatia. Kahawa haikuharibika hata debe moja.

11. SIKU YENYEWE

Kanuni za siku ya mbio ni chache. Usile kitu kipya. Usivae kiatu kipya. Kula saa tatu kabla: viazi vitamu, ndizi au uji. Tembea na kukimbia polepole dakika 10 kabla ya kuanza. Kilomita 2 za kwanza zuia mwendo, hata kama wote wanakupita. Kilomita 3 hadi 7 shika mwendo uliozoea. Kilomita 3 za mwisho toa kilichobaki. Ukimaliza usikae chini, tembea.

Mama alikimbia kilomita ya kwanza akiwa karibu wa mwisho, kwa dakika 5 na sekunde 35. Alimaliza kwa dakika 54. Watoto wake walikuwa kwenye ukingo wa barabara pamoja na wale wachambuaji wawili.

Kijana alizuia mwendo kilomita moja, si mbili. Kuanzia ya saba akalipa. Alimaliza wa nne kwa dakika 42. Baiskeli ilikwenda kwa mtu mwingine. Alinuna njia nzima ya kurudi, na hatukumsemesha. Tarehe 2 Mei jioni alikuwa kazini, mzima, akilipa usiku wa kwanza wa mwenzake.

Julai kituo kiliponyamaza, alifanya mazoezi mara nne kwa wiki. Agosti alikimbia kilomita 10 nyingine kwa dakika 39. Bado anakwenda kazini kwa miguu.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA TAWI

1. Katika mahali penu pa kazi, miezi mizito ni ipi? Mbio zenu zinaangukia wapi katika kalenda hiyo?
2. Mwenzenu akitaka kukimbia baada ya zamu ya usiku kwa sababu ya zawadi, tawi lina haki gani ya kusema, na mipaka ya haki hiyo ni ipi?
3. Mwajiri akitaka mkimbiaji avae jina lake, tawi lidai nini: siku ya mapumziko, nauli, viatu, au matibabu akiumia? Andikeni mambo mnayodai kwa mfuatano wa uzito.
4. Katika tawi lenu wako wanawake wanaotaka kukimbia lakini hawaji? Nani amekwenda nyumbani kwao kuuliza sababu?

KAZI YA KUFANYA: Kabla ya mkutano ujao, kila tawi lichague mwalimu mmoja, linunue daftari moja, na lipime kilomita moja ya barabara kwa baiskeli. Mkutano uanze kwa kusoma daftari hilo.